Kiraka Chenye Kifungo Kimoja

Kama unataka kumjua mtu, usimuulize mkewe wala mkubwa wake wa kazi. Muulize fundi wake wa nguo. Fundi ndiye anayejua tumbo limeongezeka inchi ngapi tangu mwenye tumbo atangaze kwamba ameacha kula usiku, nani alioa kwa suti ya kuazima, na nani ameleta gauni moja kupanuliwa mara tatu huku akiapa kwamba limenywea kwa kufuliwa. Viongozi wa dini huambiwa dhambi ambazo mtu amechagua kuzisema. Fundi anapima mwenyewe.

Kiraka alikuwa fundi wa namna hiyo kwa miaka thelathini na mitatu. Alifanyia kazi kwenye kibaraza cha nyumba yenye milango miwili ya chuma, mmoja wake, mmoja wa fundi viatu. Upande wake palikuwa na cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia yenye mguu mmoja uliowekewa tofali, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na magunia matatu ya vipande. Upande wa fundi viatu palikuwa na harufu ya gundi na viatu vya watu wasiorudi. Mpaka kati yao haukuwa na alama, ila ulikuwa na sheria moja: mkasi wa nguo hauvuki. Fundi viatu alikuwa ameuomba kwa miaka kumi na miwili ili akatie ngozi, naye Kiraka alikuwa amemnyima kwa miaka kumi na miwili, mpaka ombi na jibu vikawa ndiyo namna yao ya kuamkiana.

Jina la Kiraka hakupewa na wazazi wake. Alivishwa, na aliyemvisha ndiye anayetuleta hapa.

Alikuwa darasa la sita. Sketi ya sare ilichanwa nyuma na msumari wa dawati, na mama yake, ambaye hakuwa na kitambaa cha buluu wala nauli ya kwenda kukitafuta, akaitia kiraka cha pazia chenye maua ya njano makubwa kama visahani. Kilikuwa kiraka kizuri. Kilishonwa kwa mkono, mishono midogo iliyonyooka, pembe zimekunjwa ndani. Mwalimu kijana aliyehamia shuleni mwaka ule akamwita mbele, akamgeuza aelekee ubao, akaliuliza darasa kama limewahi kuona bustani inayotembea. Watoto arobaini na wawili wakacheka. Fundi viatu alikuwa mmojawapo, dawati la tatu, na alicheka mpaka akapaliwa.

"Kuanzia leo," mwalimu akasema, akishika kitabu cha mahudhurio, "namba kumi na tisa ni Kiraka."

Basi ikawa hivyo. Akamaliza shule akiwa Kiraka, akaolewa akiwa Kiraka, akafiwa na mume akiwa Kiraka, na binti yake alipoolewa kadi za mwaliko zilisema Mama Kiraka, kwa herufi za dhahabu. Watu wa chini ya miaka arobaini walidhani ni sifa ya kazi yake. Walimwita kwa heshima kabisa, na heshima yao ilimchoma kila siku mara ishirini au thelathini, kutegemea wateja.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya, na hiyo ndiyo shida ya watu wa aina yake. Angekuwa mlevi au mwizi, mji ungemaliza naye mapema. Lakini alikuwa mwalimu hodari, aliyefika kazini kabla ya jua kwa miaka arobaini na mmoja, akapanda cheo mpaka akawa Mwalimu Mkuu, akastaafu mara mbili na mara mbili akaombwa abaki. Tena alikuwa na kipaji kilichompa sifa mji mzima: alikumbuka kitabu cha mahudhurio cha kila darasa alilowahi kufundisha. Kwenye arusi au mahafali ungemtajia mwaka, naye angesimama, akaita majina kwa mpangilio bila kukosea, na waliokuwepo wangeitikia "Nipo" kama watoto. Watu wazima wenye mvi na shinikizo la damu walitokwa na machozi. Alipofika namba kumi na tisa ya darasa lile alisema "Kiraka", na ukumbi ukacheka kwa upendo. Kiraka aliitikia mara moja tu, miaka mingi iliyopita. Tangu hapo, akimwona mwalimu anasimama, yeye alikwenda msalani.

Alichokitaka kilikuwa kidogo mno. Kabla mmoja wao hajafa, alitaka amsikie mtu yule akilitaja jina lake. Mara moja ingetosha.

Mbali na suruali na magauni, Kiraka alitengeneza vitabu vya nguo. Usifikirie vile vya watoto wachanga, vya kutafunwa. Hivi vilikuwa vya watu wazima, na kurasa zake zilikuwa shuka kuukuu alizochovya kwenye chai nzito mpaka zikapata rangi ya karatasi ya zamani. Alizitandika juu ya misumari yenye kutu zikiwa mbichi ili kutu ijichape yenyewe. Alipaka rangi kwa sifongo la vyombo. Zilipokauka alishona juu yake tiketi ya basi, stempu, lesi iliyochoka, picha iliyokatwa gazetini, utepe wa kaseti iliyokufa, kifungo kisicho na mwenzake. Kila ambacho mtu nadhifu angekitupa, yeye alikitafutia ukurasa. Mgongo wa kitabu ulikuwa wa ngozi, nao fundi viatu aliutoboa kwa shazia na kulalamika. Mwanzoni majirani walisema ujane umempanda kichwani. Kisha maarusi wakaanza kuvitaka, kwa sababu mmoja alikionyesha chake kwenye simu, na majirani wakasema walijua tangu zamani kwamba ana kipaji.

Ukurasa wa nguo ukiwa peke yake hulegea kama mkono wa mtu anayemsalimia asiyempenda. Ndiyo maana Kiraka alishona tabaka tatu: uso, mgongo, na katikati kile kitambaa kigumu cha kutia kwenye kola, alichokiita moyo. Na hapo ndipo palikuwa na mchezo wake. Kabla ya kuufunga ukurasa, aliandika kwenye moyo jambo moja la kweli juu ya mtu ambaye ukurasa ni wake. Kisha akashona pande zote nne. Kwa nje, bi arusi alikuwa malaika wa lesi. Kwa ndani, paliandikwa kwamba gauni lilipimwa mara mbili kwa sababu ambayo mama mkwe hakuambiwa.

"Sasa ukweli ukishonewa ndani unamsaidia nani?" fundi viatu alimuuliza siku alipogundua.

"Unausaidia ukurasa. Unasimama vizuri."

"Na wangu ungeandika nini?"

"Kwamba unapaka gundi mahali pa kushona."

"Hiyo si siri, jirani. Hiyo ni biashara."

Wiki tatu kabla ya sherehe ya kumuaga Mwalimu Mkuu, kibaraza kilipata wageni. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa kamati, mwenye duka la dawa, mtu aliyevaa koti kwenye joto ili ajulikane. Yeye naye alikuwa wa darasa lile. Wa pili alikuwa mdogo wake Kiraka, mwalimu katika shule ile ile na katibu wa kamati. Kiraka ndiye aliyemsomesha, kwa pindo za suruali za watu.

"Tunataka kitabu cha heshima," mwenyekiti akasema. "Kila mwanafunzi wa zamani aliyefanikiwa atatoa kipande cha nguo na karatasi yenye maneno mazuri."

"Na ambaye hakufanikiwa?"

"Atatoa makofi," fundi viatu akasema kutoka upande wake.

"Wewe pia utakuwa na ukurasa, dada," mdogo wake akasema haraka. "Si ulisoma pale?"

"Nilikuwepo," Kiraka akasema.

Karatasi zikaja, kumi na saba. Kiraka alizisoma zote, akazipanga kwa mafungu. Tuna maradhi ya kusifu, sisi watu. Tunamsifu mtu mpaka anapotea ndani ya sifa, na akitoka mtu mwingine humo hakuna anayetambua. Kumi walikuwa wamemwita mwalimu taa. Watano walimwita mshumaa. Mmoja alimwita dira. Mchomeleaji wa mageti alimwita jenereta, na kati ya wote, Kiraka aliona ni huyo tu aliyefikiri.

"Hata wewe umeandika taa?" akamuuliza fundi viatu.

"Niliona wengine wameandika taa."

Jumatano ya wiki ya sherehe kurasa zilikuwa tayari kufungwa. Penseli yake ya kawaida, ile nyeupe ya kuchorea nguo, ilikuwa imekwisha. Akapekua droo ya cherehani, kati ya sindano zilizovunjika na funguo zisizo na kufuli, akapata kipande cha penseli ya kijivu kisichozidi kidole. Kilikuwa cha fundi aliyemfundisha kazi, marehemu sasa. Akakitumia. Aliandika huku akikishikilia mdomoni kila alipotaka mikono miwili, kama afanyavyo na pini.

Kwenye moyo wa mwenyekiti akaandika: *Aliiba chaki. Akafukuzwa mwingine.* Kwenye moyo wa mchomeleaji: *Alikaa dawati la mbele miaka saba. Mpaka leo hajui kusoma. Karatasi ameandikiwa na mkewe.* Kwenye wa fundi viatu: *Alicheka, na hajawahi kulala bila kukumbuka kwamba alicheka.* Kwenye wa mdogo wake: *Anasema uongo kwa sauti nzuri.* Akaendelea hivyo mpaka akaufikia ukurasa wake mwenyewe. Hakuwa ameuwekea karatasi ya sifa. Kwenye uso wake alikuwa ameshona misalaba midogo arobaini na miwili ya uzi wa buluu, safu kwa safu, na mmoja wa njano. Kwenye moyo akaandika: *Mwalimu, nina jina. Unalikumbuka?*

Akashona pande nne.

"Jirani," fundi viatu akamwambia Kiraka alipokuwa anafunga mlango, "mdomo wako umekuwa wa zambarau."

"Ni rangi ya uzi."

"Uzi gani? Umeshinda na uzi mweusi."

"Wewe tangu lini unautazama mdomo wangu?"

Akarudi upande wake, kama ilivyokusudiwa.

Ijumaa asubuhi kitabu kilikuwa kimekamilika, ila kurasa zilikuwa zimevimba na kupinda kwa vifungo na mishono. Fundi wa nguo akiona kitambaa kimepinda, mkono wake hufanya jambo moja bila kumwuliza. Kiraka alilowesha kitambaa cha pamba, akakikamua, akakitandika juu ya ukurasa wa kwanza na kupitisha pasi ya moto. Mvuke ukapanda. Akafanya vivyo hivyo ukurasa wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi na nane, akiimba kidogo. Ukiwa na kitabu cha karatasi huwezi kukosea hivyo, maana hakuna mtu timamu anayepiga pasi ya maji kwenye kitabu. Fundi wa nguo tu ndiye angeweza.

Aliporudi ukurasa wa kwanza kuutazama ulivyonyooka, mwenyekiti alikuwa mwizi wa chaki.

Maneno yalikuwa yamepanda kutoka ndani kama jasho, juu kidogo ya karatasi ya sifa, kwa zambarau ya kung'aa. Ndipo Kiraka akakumbuka penseli ile ni ya aina gani. Ni zile za makarani wa zamani: ikiwa kavu ni ya kijivu kama nyingine, ikionja maji inageuka zambarau na haitoki tena. Fundi wake alikuwa amemwonya, miaka thelathini na mitatu iliyopita, siku moja, kuhusu doa kwenye shuka moja ya mteja mmoja.

Akafungua ukurasa baada ya ukurasa. Kila moyo ulikuwa umesema.

Fundi viatu alikuja kusimama nyuma yake. Akasoma wake.

"Ni kweli," akasema. "Ila ningependa ibaki ndani."

Mdogo wake akafika saa tatu kukichukua kitabu. Aliinama juu ya meza ile na uso wake ukapoteza umbo.

"Dada, hii nini?"

"Penseli."

"Hii ya mwenyekiti inasema aliiba chaki."

"Aliiba."

"Najua aliiba. Kila mtu anajua aliiba. Lakini haijaandikwa mahali." Akafunua mbele, akajikuta. "Anasema uongo kwa sauti nzuri."

"Nimesema nzuri."

Mdogo wake akakaa kwenye kiti cha wateja. Hakulia, lakini alivua viatu, jambo ambalo kwake lilikuwa baya zaidi. "Nafasi ya msaidizi wa mkuu inatangazwa mwezi ujao," akasema. "Mwenyekiti yumo kwenye bodi. Kesho saa sita kitabu kinafunguliwa mbele ya wazazi mia tatu. Dada, nimekuomba mambo mengi maishani na umenipa yote. Nikuombe na hili?"

"Unaomba nini?"

"Funika. Kurasa zote. Na yako."

Kiraka alitazama mikono ya mdogo wake, laini, yenye chaki kwenye kucha. Hakuwa na ugomvi wowote na kurasa kumi na saba. Ukweli ule alikuwa ameuandika kwa ajili yake mwenyewe, kama mtu anayejisemea akichota maji, na haikuwa haki mchomeleaji aaibishwe mbele ya watoto wake kwa kosa ambalo nusu yake ni la anayeagwa. Wa kumi na nane ndio uliokuwa na neno.

"Lete vifungo," akasema.

Siku ile kibaraza hakikupokea mteja. Maua yalikatwa kutoka kwenye gauni la mtu aliyehama bila kulilipia. Chaki za mwenyekiti zilifunikwa na kipande cha koti la suti, chenye mfuko mdogo, na fundi viatu akapendekeza watie kipande cha chaki ndani ya mfuko, akakatazwa. Mchomeleaji alipata geti la nyuzi za kijivu. Fundi viatu mwenyewe aliukatia ukurasa wake soli ndogo ya ngozi, kwa kisu chake kibutu, akisema kama angekuwa na mkasi wa maana kazi ingependeza. Na mdogo wake, ambaye hakuwa ameshika sindano tangu aanze chuo, alishona vifungo huku akijichoma na kunyonya kidole, na polepole akaufunika uongo wake mzuri kwa ndege watatu wa lesi.

"Na ya kwako?" akauliza saa kumi na moja.

"Yangu naitia kiraka."

Kutoka chini ya kopo la vifungo Kiraka alitoa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Maua yake ya njano yalikuwa yamefifia yakawa rangi ya meno. Alikitandika juu ya maneno ya zambarau, akakunja pembe ndani, akashona upande wa juu, wa kushoto na wa kulia mpaka nusu. Chini hakushona. Alitoboa tundu, akalizungushia uzi, akaweka kifungo kimoja cha buluu, cha sare. Mdogo wake aliukung'uta ukurasa, akaona hakuna zambarau, akavaa viatu vyake.

Fundi viatu aliona. Alikohoa tu.

Ukumbi wa shule ulikuwa na viti vya plastiki, baluni zilizochoka tangu asubuhi, na kipaza sauti kilichopiga yowe kila mtu muhimu alipokikaribia. Mwenyekiti alisema atatoa muhtasari, kisha akatoa dakika arobaini. Taa ilitajwa. Mshumaa ulitajwa. Kiraka alikaa safu ya nyuma, karibu na mlango, mahali pake pa siku zote.

Kisha kitabu kikaletwa juu ya mto, na Mwalimu Mkuu akakifungua.

Alikuwa amekonda. Kola ilimzunguka shingo bila kuigusa, inchi moja na nusu, Kiraka akapima kwa macho. Alifunua kurasa kama alivyofunua madaftari maisha yake yote: analamba kidole, anafunua, analamba. Alitabasamu kwenye taa, akatabasamu kwenye mshumaa, akacheka kwa dhati kwenye jenereta. Akafika wa kumi na nane.

Tabasamu likabaki usoni, ila mwenyewe alikuwa ameondoka. Alipitisha kidole juu ya misalaba ya buluu, safu kwa safu, akihesabu. Kisha akayaona maua. Mtu anayekumbuka majina ya madarasa arobaini hawezi kuwa amesahau pazia lile. Akalamba kidole, akakifungua kifungo, akainua kiraka, akasoma. Akagusa maneno kama yanaungua, na kwa mazoea akalamba kidole tena.

"Mwalimu, tusomee," mwenyekiti akasema kwenye kipaza sauti.

Mwalimu alishusha kiraka, akafunga kifungo taratibu, kama mtu anayemfungia mtoto sweta.

"Ni mchoro tu," akasema.

"Basi tuitie mahudhurio. Darasa letu, mwalimu. Kwa mara ya mwisho."

Makofi yakapigwa. Mwalimu Mkuu akasimama. Kwa kawaida huo ndio ulikuwa wakati wa Kiraka kwenda msalani, na magoti yake yalikwisha kuanza kunyanyuka bila kumuuliza. Fundi viatu, aliyekaa kiti cha pembeni, alinyoosha mguu wake akaziba njia.

"Toa mguu."

"Una ganzi."

Mwalimu akaanza. Moja. Mbili. Midomo yake ilikuwa ya zambarau, na ulimi, na watoto wa safu ya mbele wakaanza kugongana viwiko. Mwenyekiti alikuwa wa saba na akaitikia kwa sauti iliyofanya kipaza sauti kilie. Kumi na tatu alikuwa mchomeleaji. Kumi na sita na kumi na saba walikuwa wamekufa, na ukumbi ukanyamaza ipasavyo. Kumi na nane. Nipo.

Halafu mwalimu akasita. Hakuwa amewahi kusita. Watu walikuwa wameshaanza kucheka, maana walijua kinachofuata, na kicheko kilisubiri mlangoni.

Akaliita jina lake. Aliliita lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, kwa mpangilio ule ule ulioandikwa kwa wino kwenye kitabu kilichokwisha kuliwa na mchwa.

Kicheko kikakosa pa kuingilia. "Nani huyo?" mama mmoja akamuuliza jirani yake. Jirani hakujua. Mdogo wake Kiraka, mezani kwa kamati, alijua. Jina la baba lilikuwa lake pia, na alikiweka kikombe chini bila kunywa.

Kiraka alisimama. Ilibidi kwanza atoe pini aliyoisahau pembeni mwa mdomo.

"Nipo," akasema.

Watu mia tatu waligeuka nyuma kumtazama mtu waliyemjua. Mwalimu Mkuu alimtazama mpaka alipoketi, ndipo akasema ishirini, na akaendelea mpaka arobaini na tatu. Namba thelathini na moja, fundi viatu, aliitikia huku akirudisha mguu wake chini ya kiti.

Ningependa kusema kwamba Kiraka alitua mzigo pale pale. Alitua nusu. Nusu nyingine ilipanda kuwa hasira mpya, na hasira hiyo ilikuwa na mantiki: kumbe alilijua. Miaka arobaini na mmoja, kwenye kila arusi na kila mahafali, mtu yule alikuwa nalo kichwani, kamili, na babu ndani yake, na kila mara alichagua lile lingine kwa sababu lilichekesha zaidi.

Wakati wa vinywaji Mwalimu Mkuu alikuja mwenyewe mpaka safu ya nyuma, kitabu kwapani.

"Nilikuwa kijana," mwalimu akasema.

"Na mimi nilikuwa mtoto, mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa. Aliangalia chini, kwenye pindo la sketi ya Kiraka, ambalo bila shaka lilikuwa limenyooka. "Kile kiraka," akasema, "kilishonwa vizuri. Niliona hata siku ile."

"Ungesema siku ile."

"Ndiyo," akasema. Alionekana anatafuta neno jingine, mtu aliyeishi kwa maneno, akalikosa. Kiraka hakumsaidia kulitafuta.

"Ulimi wako ni wa zambarau," akamwambia. "Haitoki. Jaribu ndimu."

Jumatatu kibaraza kilifunguliwa kama kawaida. Mwenyekiti alileta suruali ipanuliwe kiunoni, akasema imenywea. Mdogo wake alituma ujumbe kwamba mwenyekiti amekipenda sana kile kimfuko, na kwamba, dada, umenitia aibu na sijui kwa nini nimefurahi. Fundi viatu alikaa muda mrefu na kiatu kimoja mkononi bila kukifanya kitu.

"Sasa nikuite nani?" akauliza.

"Wewe ulicheka siku ile."

"Nilicheka."

"Basi wewe utaniita jina langu lote. Na la baba, na la babu. Mwaka mzima. Hao wengine nitawapangia mmoja mmoja."

Fundi viatu alifikiri juu ya adhabu hiyo, akaiona ni ya haki, ingawa ndefu. Akasafisha koo. Akaliita jina lake, akaliita la baba yake, akajikwaa kidogo kwenye la babu, akarudi, akalimaliza.

"Naomba mkasi," akasema.

"Nipo," akajibu yeye, akipitisha uzi kwenye tundu la sindano. "Na mkasi sikupi."